UZI: Waini ya maua yenye gesi kwa joto la Dar, usifunge chupa kabla haijamaliza kuchachuka

Mgema wa Tabata

Wakuu, salaam. Kuna wadau wameniandikia pembeni wakiuliza waini ya maua yenye gesi inatengenezwaje nyumbani, hasa ile ya maua ya elda ambayo ndugu zetu walioko Uingereza wanaisifia. Nimeona niweke uzi kabisa, maana maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Ukiyafuata kama yalivyo kwenye chumba cha Tabata mwezi wa kwanza, unatengeneza bomu. Nasema hivi kwa uzito. Chupa ya kioo ikipasuka jikoni na mtoto yupo karibu, hakuna kinywaji cha kufidia hilo.

Elda ni mti mdogo wa Ulaya, wataalamu wanauita Sambucus nigra. Kule Uingereza huchanua mwishoni mwa Mei na mwezi Juni, vishada vipana vya maua madogo meupe yenye umanjano kwa mbali. Harufu yake inakaa kwenye chavua, ndiyo maana wenyewe huchuma siku ya jua na hawayaoshi. Hapa Dar tunapata makavu tu, ya kuletwa na ndugu au ya kununua kwenye maduka ya chai za mitishamba. Makavu yanafaa kabisa. Angalia rangi: yawe manjano yaliyopauka. Yakishakuwa ya kahawia harufu imekwenda. Kisha kaa chini uyachambue, utoe vijiti vyote, kwa sababu majani na vijiti vya mti huu vina kemikali inayotoa sianidi tumboni, na hata kiasi kidogo kinaweza kukuletea kichefuchefu.

Kwa lita 5 natumia maua makavu gramu 15 hadi 20. Msiongeze mkidhani ndiyo itanukia zaidi, yakizidi yanatoa harufu ya mkojo wa paka. Sukari gramu 850. Malimau 3, maganda ukwangue ile njano tu bila weupe wake, kisha ukamue maji. Kikombe kimoja cha chai ya rangi iliyokolea, hii inaipa waini ule ukakasi unaoshika ulimi. Na hamira ya waini. Mimi natumia EC-1118, pakiti ya gramu 5 inatosha hata ndoo ya lita 20, inavumilia joto mpaka nyuzi 30 na pombe mpaka asilimia 18.

Chemsha maji lita 3, koroga sukari iyeyuke, ipua, acha itulie kidogo ndipo umwagie maua na maganda ndani ya ndoo safi. Ndoo iwe imesafishwa kwa jiki na kusuuzwa vizuri kwa maji yaliyochemshwa, mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Funika. Ikishapoa ukaweza kuishika bila shida, tia maji ya limau, chai, na maji yaliyochemka yakapoa mpaka ifike lita 5. Hapo ndipo hamira inaingia, si kabla, ukiitia kwenye maji ya moto unaiua.

Maua yataelea. Yazamishe kwa mwiko safi asubuhi na jioni, yakikaa juu na kukauka yanaota ukungu. Siku ya tatu chuja kwa kitambaa, hamishia kwenye dumu, toboa kifuniko upitishe mpira mwembamba wa dripu, ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa na inzi haviingii.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Mapishi ya zamani ya Kiingereza yanakwambia baada ya siku nne au tano mimina kwenye chupa, funga, gesi itajitengeneza. Kule inahifadhiwa kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba chenye nyuzi 15, inakwenda polepole, na wanaifungulia mara kwa mara. Hata hivyo hata wao chupa zinawapasukia. Sasa piga hesabu. Gramu 4 za sukari kwa lita zinapochachuka zinatoa gesi ya ujazo mmoja, yaani lita moja ya gesi ndani ya lita moja ya kinywaji. Shampeni ya Ufaransa hutiwa gramu 24 hivi kwa lita na inafikia msukumo wa anga 6, karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo, ndiyo maana chupa yake ni nzito na kizibo kimefungwa kwa waya. Wewe ukifunga waini siku ya tano, bado inaweza kuwa na gramu 100 za sukari kwa lita. Hiyo ni gesi ya ujazo 25. Hakuna chupa mtaani itakayoihimili, na kwa joto letu hamira haitasubiri wiki, itamaliza kazi ndani ya siku chache wakati wewe uko kazini Posta.

Kwa hiyo Dar tunafanya kinyume. Tunaiacha iive mpaka mwisho, sukari yote iishe, ndipo tunarudisha sukari kidogo kwa kipimo, ya gesi peke yake.

Utajuaje imeisha? Usiamini mapovu. Mapovu yanaweza kusimama kwa sababu hamira imechoka na sukari bado ipo. Nunua haidromita, ile ya kioo inayoelea, inapima uzito wa kinywaji ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000; sukari ikipungua namba inashuka. Siku ya kwanza itasoma kama 1.065. Ikishuka chini ya 1.000 na ikabaki palepale siku tatu mfululizo, imeiva. Kama huna, onja: isiwe na utamu hata wa kubahatisha. Lakini ulimi unadanganywa na ukali wa limau, haidromita haidanganyiki. Itakuwa na pombe kati ya asilimia 9 na 10.

Ikishaiva iache wiki mbili tatu ijichuje, tope la hamira likae chini, halafu uivute kwa mpira bila kulitibua. Ukiiona kwenye mwanga iko kama chai iliyotiwa maji mengi, manjano hafifu, inaangaza, hapo ipeleke kwenye chupa. Usiogope kwamba imeshasafika, hamira iliyobaki ndani haionekani kwa macho lakini inatosha kutengeneza gesi.

Chupa: tumieni za plastiki zilizokuwa na soda. Zimetengenezwa kwa ajili ya gesi. Chupa ya nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha sukari, kijiko cha kusawazisha siyo cha kilima, ni kama gramu 4. Jaza, acha nafasi ya vidole viwili, funga kwa nguvu. Uzuri wa plastiki ni kwamba inakusemesha. Ibonyeze kwa kidole gumba kila asubuhi. Siku ya kwanza inabonyea kama chupa ya maji, siku ya pili inaanza kugoma, ikishakuwa ngumu kama ile ya soda kutoka dukani ipeleke kwenye friji. Kwa joto la sasa haichukui hata wiki.

Kioo nitakieleza chini mkiuliza. Nawasilisha kwanza hayo.

Nyumbanitu

Mkuu umeongea. Sisi tuliokulia Njombe tunalijua hilo kupitia ulanzi, pombe ya mianzi. Mtu anabeba dumu la ulanzi mtamu kwenye basi kuja Dar, amefunga kifuniko kabisa kisimwagike. Kufika Mikumi dumu limevimba kama mpira, kufika Chalinze abiria wote wameoga. Wazoefu wanalegeza kifuniko. Sasa swali langu: wazee wetu hawakuwa na haidromita wala gramu, na tembo la mnazi linatoa povu zuri tu. Kwa nini tusilegeze vifuniko tukaendelea na yetu?

Mgema wa Tabata

Nyumbanitu, swali zuri na linastahili jibu. Mnazi hauna shida kwa sababu unanyweka siku hiyohiyo. Unagemwa asubuhi, mchana unachemka wenyewe ndani ya kibuyu kilicho wazi, kesho yake umeshakuwa mkali, ukiuacha zaidi unaelekea kwenye siki. Gesi haifungiwi popote. Wazee walikuwa na akili ya kuunywa ukiwa kwenye kilele chake. Hii ya maua inataka kukaa, na ukilegeza kifuniko gesi yote inaondoka, unabaki na waini tulivu ambayo nayo ni nzuri, lakini siyo tuliyoiahidi kwenye kichwa cha uzi.

Chupa Tupu

Bro hiyo EC sijui ngapi tunaitoa wapi? Hamira ya mkate ya duka la Mangi haiwezi?

Mgema wa Tabata

Inaweza. Itachachuka na itafika hizo asilimia 9. Tatizo ni mbili. Inaacha ladha ya mkate, na maua haya ni mapole, yanafunikwa haraka. Halafu haitulii vizuri chini, ukifungua chupa gesi inainyanyua yote, glasi inakuwa kama maji ya mchele. Ya waini unaagiza mtandaoni, au mwombe anayesafiri akuletee, pakiti ni nyepesi kuliko barua na inakaa muda mrefu kwenye friji. Kama hujaipata, anza na ya mkate kwa waini ya choya, yaani rozela, maana choya ina nguvu ya kujitetea. Nitaieleza.

Dada wa Kinyerezi

Kaka Mgema, mimi nilishaanza kabla ya uzi huu. Iko siku ya nne na inanuka yai viza. Nimwage?

Mgema wa Tabata

Dada yangu usimwage. Hiyo ni njaa. Sukari ni wanga mtupu na maua hayana chakula cha kutosha cha hamira, hasa naitrojeni. Hamira yenye njaa kwenye joto ndiyo inatoa harufu hiyo. Chukua kijiko cha chai cha hamira ya mkate, ichemshe kwenye maji nusu kikombe dakika tano mpaka ife, ipoze, uimimine ndani. Hamira iliyokufa ni chakula cha iliyo hai. Koroga vizuri, itatoa povu kwa kasi kwa hiyo acha nafasi kwenye dumu. Kesho kutwa harufu itakuwa imepungua sana. Safari nyingine weka hicho chakula siku ya kwanza pamoja na kiganja cha zabibu kavu zilizokatwakatwa.

Na joto je? Umeiweka wapi?

Dada wa Kinyerezi

Stoo, juu ya kabati. Asante sana kaka.

Mgema wa Tabata

Juu ya kabati ndiko joto linakokimbilia, ishushe sakafuni leo hii. Wote mnaosoma, hili la joto nilipaswa kulipa nafasi yake, nalipa hapa. Chumba kikiwa nyuzi 31, ndani ya ndoo panazidi, kwa sababu hamira ikifanya kazi inatoa joto lake. Ikipita 30 na kitu unaanza kupata harufu ya rangi ya kucha na kichwa kinakugonga asubuhi. Wengine wanafunika ndoo kwa khanga mbichi. Dodoma inasaidia sana kwa sababu hewa ni kavu, kwetu hapa pwani hewa imeshiba maji, khanga haikauki na ubaridi hauji. Njia inayofaa ni beseni kubwa: weka dumu katikati, jaza maji mpaka nusu ya dumu, kisha tumbukiza chupa mbili za maji yaliyogandishwa. Asubuhi badilisha, jioni badilisha. Siku tano za mwanzo ndizo za kupigania, baada ya hapo sukari iliyobaki ni kidogo na joto halina madhara makubwa. Umeme ukikatika usiku, maji ya beseni yenyewe yanashikilia ubaridi mpaka asubuhi.

Wenye subira watengeneze Juni mpaka Agosti. Usiku Dar inashuka mpaka nyuzi 20 hivi, na ladha inakuwa nyingine kabisa.

Abuu Temeke

Assalaam alaykum. Sisi tusiokunywa kileo tunayapenda hayo maua pia. Hakuna namna ya kupata gesi bila pombe? Nimeona mtandaoni wanaita soda ya asili, inakaa siku mbili tu.

Mgema wa Tabata

Waalaykum salaam Abuu. Nikujibu bila kuzunguka: chochote kilichotiwa hamira na sukari kikatoa gesi, kimetoa na pombe. Vinazaliwa pamoja. Siku mbili itakuwa kidogo, lakini ipo, na kwa joto letu si kidogo kama wanavyodhani. Tafadhalini wadau, msimpe mgeni wenu Muislamu kitu hicho mkamwambia ni soda. Hata mtoto msimpe.

Yako ni hii. Tengeneza sharubati: maji lita 1, sukari kilo 1, ichemke iyeyuke, ipua, tia maua gramu 15, malimau 2 yaliyokatwa vipande, na asidi sitriki kijiko kimoja cha chai au ndimu zaidi. Funika usiku kucha, chuja, weka friji. Haijaguswa na hamira. Ukitaka kunywa, sehemu moja ya sharubati kwa sehemu sita za maji ya gesi ya dukani, na barafu. Wakati wa kufuturu inapendeza mno. Tahadhari moja, usiiache nje kwa siku nyingi, sukari na joto vinaweza kualika hamira ya hewani ikaanza kuchachuka yenyewe. Ukiona mapovu, hiyo tena siyo yako.

Sharubati hiyohiyo inawafaa pia wanaopenda waini tamu. Waini yetu ikishaiva haina utamu, na huwezi kurudisha sukari nyingi kwenye chupa. Tia sharubati kijiko kimoja ndani ya glasi wakati wa kunywa.

Kitunda Kwetu

Hamuogopi kupofuka? Kila mara tunasikia watu wamekufa kwa pombe za kienyeji.

Mgema wa Tabata

Hofu yako ni ya haki, mkuu. Kinachopofusha ni methanoli. Sukari ikichachushwa na hamira inatoa methanoli kidogo mno isiyo na madhara, sawa na waini yoyote ya dukani. Vifo vingi mnavyosikia vinatokana na pombe kali iliyochanganywa na spiriti ya viwandani, mtu anataka faida ya haraka. Hapa hatuchemshi pombe wala hatuivukizi. Anayetaka kuvukiza huyo anatengeneza gongo, sheria inakataza na mimi sitamsaidia kwenye uzi huu. Na kuuza waini yako ni habari nyingine, kunataka leseni na TBS. Hii ni ya meza yako na wageni wako.

bint Pangani

Mgema, mbona mnahangaika na maua ya Wazungu? Uani kwetu asumini zinamwagika kila jioni. Nyanya yangu alikuwa anaziweka kwenye mtungi wa maji ya kunywa, ukinywa unahisi harusi. Haziwezi kutoa waini?

Mgema wa Tabata

Bint Pangani, nilikuwa nasubiri mtu wa pwani aseme hivyo. Zinaweza, na kwa maoni yangu kwa Dar ndiyo njia sahihi zaidi kuliko kusubiri mizigo. Ukitazama vizuri, elda haileti chochote kwenye waini isipokuwa harufu. Pombe inatoka kwenye sukari, ukali kwenye limau, ukakasi kwenye chai. Asumini yenye maua meupe ya kuwekwa kwenye kikuba, Jasminum sambac, ndiyo hiyohiyo Wachina wanatia kwenye chai yao, kwa hiyo inalika bila wasiwasi.

Lakini usiitie siku ya kwanza. Ikichachuka kwa nguvu gesi inatoka na harufu yote inaondoka nayo, nyumba inanukia na waini inabaki bila harufu. Tengeneza msingi wa sukari, limau, chai na zabibu kavu, ukishatulia ndipo uchume asumini magharibi zinapofunguka, viganja viwili kwa lita 5, uzifunge kwenye kitambaa safi na kuzitumbukiza siku moja tu. Onja asubuhi. Ikitosha, toa. Hata elda unaweza kuigawa hivyo, nusu mwanzo na nusu mwishoni.

Ziwe za uani kwako ambazo hazijapuliziwa dawa. Na nawasihi, msichume ua jeupe lolote kwa kuwa linanukia. Mnanaha, yaani datura, nao ni mweupe na unanukia usiku, ni sumu kali. Mlangilangi mimi naachia kwenye kikuba na kwenye mafuta, situmii kwenye kinywaji.

Chupa Tupu

Choya uliahidi.

Mgema wa Tabata

Choya, au rozela: gramu 60 kavu kwa lita 5, Kariakoo unaipata kwa kilo. Sukari ileile, hamira ileile, malimau usitie, ina ukali wake wa kutosha. Isuuze kwanza, mara nyingi inakuja na mchanga. Mengine yote ni kama juu. Rangi yake kwenye glasi, nyekundu na mapovu madogo yanapanda, wageni wanadhani umeinunua.

Fundi wa Tegeta

Mkuu nataka kioo. Nina kreti tupu za bia na rafiki yangu ana chupa za shampeni za harusi. Nipe vipimo.

Mgema wa Tabata

Fundi, chupa ya bia ya kahawia inakubali, mradi isiwe na ufa wala mdomo uliolika. Pitisha kidole mdomoni na uitazame kwenye jua. Sukari gramu 3 kwa nusu lita, isizidi, na kizibo kipya cha bati kwa mashine ya mkono ya kugonga vizibo. Kile kilichofunguliwa hakirudi. Chupa za shampeni unaweza kwenda gramu 15 hadi 20 kwa lita, lakini ni lazima upate vizibo vyake na waya, na kila chupa uikague, ikiwa na mchubuko uiache. Chupa za konyagi, za juisi, za tomato, na zote za pembe nne, usiguse. Hazikutengenezwa kwa gesi.

Zipange ndani ya kreti, funika kwa gunia, weka mahali watoto hawafiki. Pamoja nazo jaza chupa moja ya plastiki kwa waini ileile na sukari ya kiwango kilekile, hiyo ndiyo utakayobonyeza ujue wenzake wamefika wapi. Na hii yote ni pale tu haidromita imesoma chini ya 1.000 siku tatu. Haijasoma, usifunge.

Fundi wa Tegeta

Nimepata. Haidromita naifuata kesho, nikianza nitaleta mrejesho hapa.

Mgema wa Tabata

Leta na usomaji wa siku ya kwanza, tuufuatilie pamoja. Dada wa Kinyerezi, ile harufu imeendaje?

Dada wa Kinyerezi

Imepungua karibu yote kaka, na mapovu yamerudi kwa kasi. Nimeiweka sakafuni kwenye beseni.